Damu Niliyoiweka Kwenye Mengineyo

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyeajiriwa kwenye kitengo cha TEHAMA cha ofisi fulani huku kwetu Kanda ya Ziwa alinipigia simu. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia. Akaniuliza habari za kustaafu, nikamwambia magoti yanauma lakini usingizi naupata. Ndipo akafikia shida yake. Ofisi yao imenunua programu ya kusimamia huduma za kompyuta, na bosi wake amemwagiza azipange huduma zote kwenye makundi kabla ya mwisho wa wiki.

"Mama, makundi mazuri huwa mangapi?"

Mkono mmoja ulikuwa na mwiko. Swali hilo nimeulizwa na wakurugenzi, nimeulizwa na wauza programu, sasa naulizwa na ninyi wajukuu. Saba, kumi, kumi na mbili? Sijawahi kukutana na mtu aliyeanza kwa kuniuliza makundi yenyewe ni ya nini. Basi nimeona niandike mara moja, ili mkinipigia tena niwaelekeze huku, mimi niendelee na mboga yangu.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye dawati la msaada wa kompyuta katika hospitali moja ya Mwanza. Sitaitaja, wanaonisoma na kunijua wataijua. Mimi ni Mkerewe, nimeishi Mkuyuni tangu niolewe, na pale kazini kila mtu aliniita Mama Edina kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kompyuta ikigoma, walinipigia. Printa ikimeza karatasi, walinipigia. Wengine walinipigia hata feni ikigoma, kwa sababu feni nayo ina waya.

Kwa wale ambao hamjaigusa programu ya namna hii, iko hivi. Kila kazi ambayo kompyuta inawafanyia watu inaandikwa kama huduma. Kuandikisha wagonjwa ni huduma. Majibu ya maabara ni huduma, na picha za mionzi, na barua pepe. Sasa huduma hizo unazitia kwenye makundi, na kundi ndilo linaloamua mambo matatu: ikiharibika simu ya nani inaita, anatakiwa kuitikia haraka kiasi gani, na kama inaruhusiwa kuzimwa mchana watu wakiwa kazini ili mafundi waifanyie matengenezo. Hilo la tatu ndilo lililoniponza, nitalifikia.

Programu ilipoletwa, tuliitwa kikao. Kilianza saa tatu asubuhi. Saa nane mchana tulikuwa bado tunabishana majina. Kila mkuu wa idara alitaka kundi lake. Watu wa jikoni walikuwa na huduma moja tu, orodha ya vyakula vya wagonjwa, lakini kwa kuwa wa kufulia walikuwa wameshapewa kundi, jikoni nao hawakukubali kuachwa. Mkuu wa utumishi alitaka kundi lake liwe la kwanza kwenye orodha. Nikamweleza kwamba programu inapanga kwa alfabeti. Akafikiri, akasema, "Basi liitwe Ajira." Na likaitwa Ajira, mpaka nilipolifuta.

Tulitoka pale na makundi thelathini na moja na picha ya pamoja. Hakuna aliyetaja mgonjwa, na ilikuwa hospitali.

Matokeo yake mngeyatabiri ninyi wenyewe. Wiki ya tatu picha za mionzi zikaacha kufika wodi ya mifupa. Sista wa wodi akafungua tiketi, yaani taarifa ya tatizo ndani ya programu. Tiketi ikaenda kundi la Mionzi, wakasema mashine yao ni nzima, wakaisukumia Wodi. Wodi wakasema wao ni wapokeaji tu, wakaisukumia Mtandao. Mtandao wakaona waya unapita juu ya dari, wakaisukumia Majengo. Tiketi ile ikazunguka siku mbili kama mtoto anayekataliwa na pande zote, na wagonjwa wamelala na miguu yao iliyovunjika. Siku ya tatu nilipanda ngazi mwenyewe, nikafungua dari. Panya alikuwa ameutafuna waya. Kazi ya dakika ishirini.

Wakati huo huo, ndani ya hospitali ile ile, kulikuwa na mtu aliyekuwa ameshalimaliza jambo hili kwa maboksi ya glavu. Aliitwa Bi Perpetua. Alikuwa opereta wa simu, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, chumba chake kipo karibu na geti. Kila mkurugenzi alipita akamwacha pale. Mezani kwake alikuwa na kadi alizozikata kutoka kwenye maboksi ya glavu, kila moja imeandikwa kwa kalamu nene. Mimi nilitegemea kadi ya Maabara, kadi ya Wodi Namba Tano, kadi ya Utawala. Hazikuwepo. Kulikuwa na kadi imeandikwa UMEME UMEKATIKA, na chini yake namba za mtu wa jenereta, chumba cha upasuaji, chumba cha watoto njiti na mtu wa mitungi ya oksijeni. Nyingine iliandikwa MAMA ANAVUJA DAMU, na chini yake leba, benki ya damu, daktari wa zamu, upasuaji, dereva. Ukimpigia na kumwambia kilichotokea, alikuwa anachomoa kadi moja na kupiga namba zote kwa mfuatano, bila kukuuliza idara.

Siku moja nilikwenda kurekebisha kompyuta yake, nikiwa na karatasi zangu za makundi kwapani.

"Unaandika nini wewe?" akaniuliza.

"Nazipanga huduma kwenye makundi, Bi Perpetua."

"Makundi ya nani?"

"Ya idara."

Akanitazama kama nimemwaga uji. "Idara ni ya kujua nani anakaa ofisi gani. Kitu kikizimika, idara haikusaidii. Wewe kila huduma iulize: ikizimika, nani atapiga kelele, na atapiga kelele baada ya muda gani? Wanaopiga kelele pamoja, waweke pamoja. Wanaopiga kelele baada ya dakika mbili usiwachanganye na wanaopiga kelele baada ya wiki mbili."

Niliyaandika maneno yale kwenye daftari. Niliyaandika kwa adabu, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu, halafu nikayaacha humo. Nilikuwa na cheti cha mafunzo ya ile programu, kimebandikwa ukutani. Niliona yale ni mambo ya simu.

Baada ya mwaka mmoja bosi wetu wa TEHAMA alichoka na makundi thelathini na moja. Akaniambia niyapunguze yawe manane. Kwa nini manane, sijui mpaka leo. Nadhani ndiyo yaliyotosha kwenye ukurasa mmoja wa taarifa yake. Alitaka orodha mezani kabla hajasafiri, na alikuwa anasafiri Ijumaa jioni.

Ijumaa saa tisa alasiri nilikuwa nimebakiwa na huduma kama ishirini. Makundi saba yalikuwa yameshapata majina ya heshima. La nane nikaliita Mengineyo. Maelezo yake niliyaandika mimi kwa vidole vyangu: kuitikiwa ndani ya siku mbili, kuzimwa kwa matengenezo muda wowote wa kazi bila kuomba ruhusa kwa watumiaji.

Kwenye zile ishirini kulikuwa na huduma tatu zilizoitwa Maombi 1, Maombi 2 na Maombi 3. Majina hayo aliyaacha fundi aliyezisimika, na fundi mwenyewe alikuwa ameshahamia Dodoma. Maombi 1 nilikuwa naijua, ndiyo tuliyoombea likizo. Maombi 3 nilikuwa naijua, ndiyo tuliyoombea karatasi na wino. Kwa hiyo Maombi 2 nikajiambia itakuwa kitu cha katikati hapo, labda kuomba gari. Ningeweza kuifungua nikaiona. Ningeweza kunyanyua simu. Nilivuta zote tatu, nikazitupa Mengineyo, nikaandika pembeni "kuulizia Jumatatu". Jumatatu ilikuja na mambo yake, na mimi sikuulizia.

Maombi 2 ilikuwa kuomba damu.

Ilikaa humo miezi kadhaa na hakuna aliyejua, kwa sababu haikuharibika. Jumatano moja mhandisi wa kampuni iliyotuuzia programu akaomba kufanya matengenezo kwenye kundi la Mengineyo, kuanzia saa nne hadi saa sita. Ombi likaja kwangu. Nikasoma jina la kundi tu. Nikabonyeza kitufe cha kukubali.

Saa nne na robo Sista Rehema wa leba akanipigia. Ni mtu wa Tanga, mpole, si mtu wa kupayuka.

"Mama Edina, maombi hayaendi."

"Ni matengenezo, Sista. Yatarudi saa sita."

"Saa sita?"

"Saa sita kamili. Vumilia kidogo."

Akakata simu. Mimi kichwani nilikuwa naona likizo. Nilifikiri Sista anataka kwenda kwao Tanga. Nikafungua tiketi, nikaandika "mtumiaji ameelimishwa", nikaifunga, nikaenda kunywa chai. Maneno hayo mawili yapo kwenye kumbukumbu za programu mpaka leo, na jina langu pembeni. Ukiniuliza katika maisha yangu yote ya kazi ni nini ningependa kifutwe, ni hayo.

Huko leba alikuwepo binti anayeitwa Nkwimba, ameletwa kutoka kijiji kimoja cha Magu, uzao wake wa kwanza. Mtoto alikuwa ametoka salama, wa kike. Lakini damu ya mama haikukata. Sista Rehema alijaza fomu ya kuomba damu kwenye kompyuta, akabonyeza, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Akanipigia mimi, nikamwambia avumilie. Akamtuma mhudumu kwa miguu na karatasi. Hospitali yetu ilijengwa juu ya mawe kama nusu ya Mwanza, na benki ya damu iko juu, ngazi nyingi, za kupanda ukipumua kwa mdomo. Mhudumu akafika. Karani wa benki ya damu akamwambia hatoi chupa bila namba ya mfumo, ndiyo kanuni, na mfumo haufunguki. Akamrudisha akalete sahihi ya daktari. Karani yule hakuwa mtu mbaya. Kanuni ile iliwekwa ili damu isiingie kwa mtu asiye wake. Mhudumu akashuka tena na karatasi yake.

Sista Rehema akaacha kompyuta, akampigia opereta.

Bi Perpetua alichomoa kadi. Alimpigia daktari wa zamu, akampigia karani, akawaunganisha waongee moja kwa moja, daktari akasema jina la mgonjwa na kundi la damu, karani akaandika namba kwa mkono kwenye daftari la zamani. Akapiga upasuaji. Halafu akanipigia mimi.

"Uko wapi?"

"Nakunywa chai, Bi Perpetua."

"Kuna mama anavuja damu leba na benki ya damu wanasema mfumo umezimwa. Umezima nini?"

"Nimezima Mengineyo."

"Mengineyo ni nini?"

Nilikuwa nimeshika kikombe na sikuweza kumwambia kundi nililolitengeneza mwenyewe lina nini ndani yake.

Nilikimbia. Mhandisi akaniambia amefika katikati, hawezi kurudi nyuma, nisubiri ikamilike. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikitazama mstari wa kijani ukisogea, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote ya asubuhi ile. Mfumo ulipofunguka, damu ilikuwa imeshashushwa kwa mikono ya watu. Tangu Sista Rehema alipobonyeza mara ya kwanza zilipita dakika zaidi ya arobaini. Madaktari walimwokoa Nkwimba, lakini ili kumwokoa walilazimika kuondoa mfuko wa uzazi. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

Wiki iliyofuata tukaitwa kikao, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kikao hiki kinanikera kuliko kile cha kwanza. Muhtasari uliandikwa "changamoto ya mfumo". Nikanyoosha mkono. Nikasema mfumo haukuwa na changamoto yoyote, mfumo ulifanya sawasawa kile nilichouandikia. Bosi akaniambia kwa upole, "Mama Edina, tusitafute mchawi." Nikasema simtafuti, nimeshampata, ni mimi. Watu wakaangalia meza. Halafu mjumbe mmoja akatoa wazo kwamba tatizo ni jina, Mengineyo linasikika kama kitu kisicho na umuhimu, tuliite Huduma Mtambuka. Wakakubaliana. Ninaapa kwamba walikubaliana. Damu ikabaki mle mle, chini ya jina zuri zaidi, mpaka nilipoitoa mwenyewe jioni ile bila kumwomba mtu.

Kuanzia hapo nilichukua daftari, likiwa na yale maneno ya Bi Perpetua, nikaanza kuzunguka wodi kwa wodi. Kama mnataka kujifunza kitu kwangu, jifunzeni hiki. Usiwaulize watu "mnatumia mfumo gani". Hawajui, na hawapaswi kujua. Kaa kwenye kiti kibovu cha wodi tangu zamu ya asubuhi inapoingia, uone wanabonyeza nini, wanakunja uso wapi. Waulize, "Hiki kisipofanya kazi unafanyaje?" Akikwambia "nasubiri", iweke mbali. Akikwambia "nakimbia", andika kwa wino mwekundu. Na jina la huduma liandike kwa kazi inayofanywa: Kuomba Damu, Kusoma Majibu ya Maabara, Kumhamisha Mgonjwa. Usikubali jina lenye namba mwishoni. Fundi anayeacha namba mwishoni anakuachia shimo njiani.

Niliyoyakuta yalinitia kichaa. King'ora cha friji la chanjo za watoto kilikuwa pamoja na huduma ya jikoni, kwa sababu ni friji. Simu ya chumba cha watoto njiti ilikuwa pamoja na simu ya ukumbi wa mikutano, kwa sababu zote ni simu. Nilipomuuliza mwenzangu mmoja kwa nini, akajibu, "Zilikuwa zimekaa hivyo." Hilo nalo ni jibu ambalo nimelisikia maisha yangu yote.

Tulimaliza na makundi tisa. Yangekuwa sita au kumi na tano nisingejali. Mengineyo nililifuta, na nikaweka sharti kwamba huduma ambayo hatujajua ni ya nini isiingizwe kundi lolote. Inakaa nje, nyekundu, inatuchoma macho kila asubuhi mpaka mtu anyanyuke akaulize. Bosi alilalamika kwamba nyekundu zinaharibu sura ya taarifa. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya nyekundu.

Huo ndio ufundi. Sasa niwaambie lililobaki.

Mtoto wa Nkwimba alipofikisha miezi mitano, Nkwimba alimleta kliniki. Sista Rehema akaja dawatini kwangu, akavuta kiti. Akaniambia binti amekonda, hasemi. Alipombana sana ndipo akasema kwamba nyumbani mama mkwe anamwambia amevunja mwiko wa ukoo alipokuwa mjamzito, ndiyo maana tumbo limefungwa. Mume yupo kimya. Wanazungumzia kumrudisha kwao.

Nilimwendea bosi. Akaniambia nisiende kokote, nitajiletea kesi na kuwaletea wao. Nikamwendea daktari mfawidhi, mzee wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Habari ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa," akasema. "Ilitakiwa tumwambie sisi siku ile ile. Mwulizeni kwanza kama anataka. Akitaka, nenda na Sista."

Sista Rehema alimpigia. Alijibu neno moja, njooni.

Tulikwenda Jumamosi. Basi mpaka Magu mjini, kisha bodaboda kupita kwenye majaruba ya mpunga. Mama mkwe tulimkuta uani ameketi kwenye kigoda, anapepeta mchele. Mwanamke mkubwa, mnyoofu, asiyecheka ovyo. Tulisalimia, akaitikia, tukawekewa viti. Nkwimba alikaa chini kwenye mkeka, mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa anaongea Kisukuma. Kisukuma changu ni cha kununulia nyanya Mkuyuni, na cha Sista Rehema ni kibaya kuliko changu. Wa kututafsiria akawa Nkwimba mwenyewe.

Niliwahi kueleza kazi hii kwa wakurugenzi, kwa picha na mishale ukutani, wakasinzia. Pale sikuwa na mishale.

Nikasema, "Mwambie mama kwamba hospitali ina vitu vingi vya kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuviwekea alama. Hiki kikizimwa mtu anaweza kufa, hiki kikizimwa hakuna neno."

Nkwimba akatafsiri. Ungo uliendelea kupepeta.

"Mwambie kile cha kuombea damu nilikiwekea alama ya hakuna neno. Sikukiangalia. Nilikuwa na haraka. Siku uliyojifungua wakakizima, na ruhusa niliitoa mimi. Damu ilikuwepo. Ilichelewa kukufikia kwa sababu yangu."

Nkwimba hakutafsiri. Alinitazama.

"Damu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mwanangu. Ya kundi lako. Ilikuwa kwenye friji kule juu."

Mama mkwe akauliza kitu. Nkwimba akaanza kuongea Kisukuma, taratibu, na safari hii aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyoongea mimi. Ungo ukasimama.

"Anauliza, kwa hiyo si mwiko?" Nkwimba akasema, macho yake yako kwenye mkeka.

"Mwambie si mwiko."

"Anauliza una uhakika gani."

"Mwambie jina langu limeandikwa kwenye mashine, na saa niliyobonyeza. Mwambie asiyeamini aje hospitali, Sista atamwonyesha."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, ambacho kumbe alikuwa nacho muda wote.

"Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na bosi wako anajua umekuja huku?"

"Alinikataza."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Hakunisamehe, na mimi sikumwomba anisamehe, sikuona kama ni yeye wa kuombwa. Alimwambia Nkwimba maneno machache ya Kisukuma. Sikuyaelewa na mpaka leo sijauliza yalikuwa maneno gani. Nkwimba alijifunika uso kwa kanga.

Yule mama akanyanyuka. Akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akambeba yeye. Kisha akakisukuma kile kigoda chake kwa mguu mpaka kwenye mkeka, akamwonyesha mkamwana wake kwa kidevu kwamba anyanyuke pale chini, akae.